Ngozi Haiuzwi Kwenye Tyubu

Kila anayeanza kuchora watu nje kwa rangi za mafuta hufika na swali lile lile: rangi ya ngozi huchanganywaje? Walimu wamelijibu mpaka limewachosha, na bado zinauzwa tyubu zenye jina hilo, ndani yake waridi iliyopauka isiyofanana na mtu yeyote aliye hai, sembuse mtu mweusi aliyesimama juani saa sita.

Swali lenyewe ni bovu. Nje, ngozi haishiki rangi moja. Bega linaloelekea juu hupokea buluu ya anga. Chini ya kidevu hupanda mwanga wa mchanga au nyasi. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huo huonekana wazi zaidi. Anayepaka hudhurungi mwili mzima, kisha akatia nyeusi penye kivuli, hupata kinyago kilichobandikwa kwenye mandhari.

Mwaka 1876 Auguste Renoir alionyesha Paris mchoro wa mwanamke aliye kifua wazi chini ya miti, mabaka ya kijani na zambarau yamemtapakaa mwilini. Albert Wolff wa gazeti la Le Figaro aliona nyama inayooza. Hakuona kwamba mabaka hayo ndiyo yanayomweka mwanamke yule chini ya majani. Yafute, naye amerudi chumbani.

Charles Hawthorne, aliyefungua shule Provincetown, Marekani, mwaka 1899, alikuwa na dawa kali. Alimweka mtu ufukweni, uso kivulini chini ya kofia, akawataka wanafunzi wapake kwa kisu cha puti. Kwa kisu hicho kope huziwezi hata ukitaka. Yanabaki mabapa tu: kofia, shavu, shingo, bahari. Yakilingana, mtu anatokea bila macho wala pua.

Yaliyobaki ni mepesi. Mpake mtu pamoja na mandhari tangu mwanzo. Ukichora umesimama penye tambarare, vichwa vya watu wazima waliosimama, wa mbali na wa karibu, viangukie karibu na mstari wa upeo. Kivuli kinachoanguka ardhini kipakwe mapema, maana jua linahama. Tabaka la chini liwe jembamba, la juu lizidi mafuta. Ukigeuza, rangi itapasuka. Na anayelalamika kwamba mwanga haukai amtazame John Singer Sargent: wasichana wawili na taa zao za karatasi, huko Broadway, Uingereza, aliwachora kwa dakika chache za magharibi kila jioni, kuanzia 1885, akamaliza 1886.