Mafundi wanaoonyesha hata palipovunjika



Ukiisoma Biblia kuanzia Mwanzo, mtu wa kwanza ambaye Mungu mwenyewe anasema amemjaza roho yake si nabii, si kuhani wala si mfalme. Ni fundi. Anaitwa Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na habari zake zimo katika Kutoka sura ya 31. Amejazwa roho ili afanye nini? Ili abuni kazi za ustadi, afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, akate vito, achonge miti. Tumehubiri sana juu ya karama ya unabii na karama ya lugha. Karama iliyoshuka juu ya patasi tunaipita haraka, labda kwa sababu sura zile zimejaa vipimo vya dhiraa na vitanzi vya mapazia.

Bezaleli amenijia moyoni kwa sababu ya watu fulani wanaokata mbao kwa kujifurahisha, hasa Marekani, Kanada na Uingereza. Wengi wao si mafundi wa kuajiriwa wala wauza samani. Wamo walimu wastaafu, madereva, wauguzi, akina mama waliobaki peke yao nyumbani baada ya watoto kuoa na kuolewa. Chombo chao ni msumeno mdogo wa umeme ambao katika karakana zetu hauonekani sana, nami nitauita msumeno wa nakshi. Una meza ndogo ya chuma na mikono miwili, mmoja juu ya meza na mwingine chini. Katikati imekazwa bledi yenye urefu wa kama sentimita 13, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, inayopanda na kushuka mamia ya mara kwa dakika. Fundi hausukumi msumeno. Msumeno umesimama mahali pake. Yeye anauzungusha ubao kwa vidole, taratibu, akifuata mstari wa mchoro uliobandikwa juu yake. Kwa kuwa bledi ni nyembamba hivyo, ubao unaweza kugeuzwa papo hapo penye kona kali bila kuacha kovu.

Hadi hapo kazi inaonekana nyepesi. Subira inaanza pale mchoro unapokuwa na matundu ya ndani. Chukua picha ya Karamu ya Mwisho, ambayo ni kazi inayopendwa sana na watu hawa. Kila kivuli cha uso, kila mkunjo wa vazi, kila nafasi kati ya vidole vya mtume ni tundu la kukatwa. Huwezi kulifikia kutoka ukingoni mwa ubao, maana utaikata picha yenyewe. Kwa hiyo unatoboa kishimo kidogo kwa keekee ndani ya kila tundu. Unafungua bledi upande mmoja, unaipenyeza kwenye kishimo kama uzi kwenye sindano, unaikaza, unakata, kipande kinadondoka, unafungua tena, unahamia kishimo kinachofuata. Picha moja inaweza kuwa na vishimo mamia. Na hukati ovyo: wazoefu huanza na vipande vidogo vya katikati huku ubao ungali na nguvu, kisha wakaelekea nje.

Kuna jambo jingine kuhusu michoro hiyo lililonivutia zaidi ya yote. Anayechora lazima ahakikishe kwamba kila sehemu ya mbao itakayobaki imeshikana na nyingine mpaka kwenye fremu. Mboni ya jicho ikizungukwa na tundu pande zote, siku ya kukata itaanguka chini pamoja na vumbi, hata kama kwenye karatasi ilipendeza. Ndiyo maana mchoraji huacha vidaraja vyembamba vya mbao, vingine vina unene wa milimita mbili tu. Atazamaye picha ukutani havioni. Bila hivyo, uso wote ungekuwa sakafuni. (Mwenye kanisa la nyumba kwa nyumba na alisikie hilo.)

Kazi ikiisha ndipo linapokuja lile lililonifanya niandike. Watu hawa huonyeshana kazi zao, kwenye mikutano ya vyama vyao, kwenye magazeti yao, kwenye maonyesho. Na hawaonyeshi picha peke yake. Wanaeleza ni mbao gani, ilikuwa na unene gani, bledi ilikuwa namba ngapi, mchoro ni wa nani, kazi imechukua saa ngapi. Kisha mwenye kazi, bila kuulizwa, anaonyesha palipovunjika. Hapa karibu na sikio daraja lilikatika, nikaligundisha. Hapa nilisukuma ubao kwa haraka bledi ikapinda, ndiyo maana mstari umelegea. Hapa mbao iliungua kwa sababu bledi ilikuwa imeisha makali na mimi nikaona uvivu kuibadilisha. Wenzake hawamcheki. Mmoja atamwambia abandike utepe wa plastiki juu ya ubao kabla ya kukata, mbao haitaungua sana. Mwingine atamwambia apunguze mwendo penye kona. Na yule aliyeanza juzi, mwenye mistari inayoyumba kama njia ya ng'ombe, naye analeta kipepeo chake mbele za watu.

Sasa linganisha na kipindi chetu cha ushuhuda. Ndugu anasimama, anasema Bwana amemtendea. Nyumba imekwisha, mtoto amefaulu, ndoa imepona. Tunapiga makofi na vigelegele, na ni haki yetu kufurahi naye. Lakini hatuambiwi ile miaka ambayo msingi wa nyumba uliota majani. Hatuambiwi usiku ambao mume na mke walilala vyumba tofauti, wala nani aliwaendea, wala aliwaambia nini. Tunaonyeshwa picha iliyokwisha kupigwa vanishi. Kijana aliyekaa benchi la nyuma, ambaye msingi wake unaota majani mwaka huu, anarudi nyumbani akidhani kwamba kwake Mungu amepita mbali. Mtume Paulo hakushuhudia hivyo. Aliwaandikia Wakorintho habari ya mwiba ambao aliomba mara tatu uondolewe, na haukuondolewa.

Najua mtu ataniuliza: kujionyesha si majivuno? Bwana hakutuonya tusifanye mema yetu ili tutazamwe na watu? Alituonya, katika Mathayo sura ya 6. Mimi natofautisha kwa kutazama mchoro. Mwenye majivuno anakuonyesha kazi na kukuficha mchoro, maana anataka abaki peke yake awezaye. Asiye na majivuno anakupa na mchoro, ukafanye kama yake au hata kuliko yake.

Kupeana michoro kwa watu hawa ni jambo la zamani. Mwaka 1895, katika mji mdogo wa Dereham, mkoa wa Norfolk huko Uingereza, kampuni iliyoitwa Hobbies ilianza kutoa gazeti la kila wiki kwa wapenzi wa kazi za namna hii. Msomaji alipata ndani yake karatasi ya mchoro ya bure, tayari kubandikwa kwenye ubao. Ni kweli kampuni ilikuwa inauza misumeno na mbao, kwa hiyo ukarimu huo ulikuwa na hesabu zake. Hata hivyo, mtu wa kawaida mwenye msumeno wa mkono mezani aliweza kupata mchoro uliochorwa na fundi stadi.

Huku kwetu ufundi una desturi ya siri. Mwanagenzi anaweza kufagia maranda miezi na miezi kabla ya kuruhusiwa kushika randa, na anachojifunza amekiiba kwa macho. Fundi akifika mahali pa kuchanganya rangi au kupima kiungo kigumu, anamtuma kijana dukani kununua misumari. Si ubaya mtupu. Fundi wa Keko au wa Gikomba analisha watoto kwa kile anachokijua, na siri ndiyo mtaji wake. Mstaafu wa Marekani ana pensheni. Huwezi kuwapima kwa kipimo kimoja. Lakini sote tumezika wazee ambao walikwenda na maarifa yao yote: jinsi ya kuchonga mlango wa nakshi, kusuka ungo, kupiga zeze, kuponda dawa. Msibani tunasema alikuwa na mikono ya baraka. Watoto wake hawajui hata alianzia wapi.

Rudi kwa Bezaleli. Mlimani, katika sura ya 31, Mungu anataja roho, hekima na ustadi. Musa anaposhuka na kumtambulisha fundi huyo mbele ya kusanyiko, katika sura ya 35, anaongeza jambo moja ambalo katika sura ya 31 halikuandikwa: Mungu amemtia Bezaleli moyoni mwake kufundisha, yeye na Oholiabu mwana wa Ahisamaki wa kabila la Dani. Kufundisha hakukuwa hisani ya Bezaleli baada ya saa za kazi. Kulikuwa sehemu ya kile alichojazwa. Na Bwana wetu mwenyewe, ambaye watu wa Nazareti katika Marko sura ya 6 wanamwita seremala, na katika Mathayo wanamwita mwana wa seremala, hatukosei tukisema alisimama kando ya mtu aliyemwonyesha namna ya kushika chombo.

Msumeno huu umewahi pia kuwa kimbilio. Miaka ya 1760, London, mchora ramani aliyeitwa John Spilsbury alibandika ramani kwenye ubao akaikata kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuziunganisha. Picha za kukatwa vipande zikaenea duniani. Ikafika miaka ya 1932 na 1933, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka na karibu robo ya wafanyakazi hawana ajira. Maseremala na watu wengine wa ufundi waliofukuzwa kazi walikaa nyumbani wakakata picha hizo kwa misumeno yao, wakaziuza kwa majirani au kuzikodisha. Maduka ya dawa na maktaba za kuazimisha nayo yalizikodisha kwa senti chache. Familia isiyo na fedha ya burudani ilichukua picha, ikaiunganisha mezani jioni, ikairudisha, ikaenda nyumba nyingine. Nafikiri sana juu ya baba yule aliyekuwa amezoea kutoka asubuhi na kopo la chakula, sasa yuko kwenye banda la nyuma akizungusha kipande cha ubao. Senti zile hazikutosha kodi. Lakini mikono yake ilikuwa na sababu ya kuamka.

Nina wanaume wa namna hiyo katika kila usharika niliowahi kusali. Amestaafu, au kiwanda kimefungwa, na kanisa linamkumbuka benchi likivunjika.

Watu wa msumeno wa nakshi wana mbinu moja ambayo naipenda. Wanachukua mbao tatu au nne nyembamba, wanazibana pamoja kwa utepe, wanabandika mchoro juu, wanakata mara moja. Kazi ni ile ile, lakini zikitenganishwa zinatoka picha tatu au nne. Moja inabaki, nyingine zinakwenda kwa watu. Kuelekea Krismasi, vyama vyao katika miji mingi ya Marekani hukata magari madogo, tembo, samaki na herufi za majina, wakapiga msasa mpaka pasiwe na kibanzi, wakawapelekea watoto waliolazwa hospitalini au wa familia zisizo na uwezo. Kule Yafa, katika Matendo sura ya 9, Dorkasi alipokufa wajane hawakumweleza Petro maneno aliyokuwa akisema. Walisimama wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea.

Msimu wa mavuno unakuja katika sharika nyingi. Tunajua utaratibu: mahindi, ndizi, kuku waliofungwa miguu, na safari hii tena fundi mmoja ataleta kigoda au mwiko wa mninga. Kitapigwa mnada nje ya kanisa, mzee wa kanisa atapandisha bei kwa utani, kitaondoka kwa elfu thelathini, na hakuna atakayemuuliza fundi amekitengenezaje. Napendekeza kwa wachungaji na wazee wa kanisa kwamba mwaka huu, kabla ya mnada, iwekwe meza chini ya mti. Fundi aweke kigoda chake, aweke na mchoro wake, aweke na kile cha kwanza kilichopasuka mguu, kama bado anacho. Mama mshonaji aweke gauni na karatasi ya kukatia. Vijana wa kipaimara wapite hapo wote, washike, waulize. Mnada unaweza kuanza nusu saa baadaye.