Kuacha, Kuachwa na Kuachana: Suluhu ya Talaka Katika Mji wa Kale, Mombasa

Katika Kiswahili, mume huacha na mke huachwa. Wasemaji wa Kimvita nao wana kuwata na kuwatwa. Sarufi hii imeshikamana na sheria, kwani talaka ya Kiislamu hutamkwa na mume. Makala haya yanaeleza jinsi suluhu ifanywayo nje ya mahakama inavyoweza kuigeuza kauli ya kutendwa iwe ya kutendana, yaani kuachana.

Msingi wake ni Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, iagizayo kwamba panapohofiwa mfarakano ateuliwe mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mwingine katika jamaa za mke. Mitaani kama Kibokoni na Kuze, kazi hiyo aghalabu huwaangukia ami, mjomba, shangazi mwenye busara au imamu wa msikiti. Kikao hufaa kiwe ndani ya nyumba, si barazani ambako kila mpita njia ana sikio.

Wengi hudhani kwamba suluhu ni kurudiana tu. Dhana hiyo ni finyu. Mpatanishi ajuaye kazi yake huuliza kwanza kama nyumba yaweza kusimama; ikiwa haiwezi, huuliza itavunjwa vipi. Swali hili la pili ndilo zito, maana ndani yake mna mahari ambayo haijalipwa, masurufu ya wakati wa eda, ulezi wa watoto na karo zao. Mke akiwa ndiye atakaye kutoka, kuna njia ya khului: hurudisha mahari au kiasi wanachoafikiana, naye mume humwachilia. Hapo kiambishi cha kutendana hupata maana yake kamili.

Hata hivyo, sebule ya jamaa si mahali pa usawa daima. Susan Hirsch, aliyechunguza mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, alionyesha katika kitabu chake Pronouncing and Persevering (1998) kwamba mume hutarajiwa kutamka na mke kuvumilia. Lakini mbele ya kadhi wanawake husimama wakaeleza, nao ndio wapelekao mashauri mengi. Nyumbani hamna karani, na mwenye umri au fedha ndiye asikizwaye. "Vumilia, mwanangu" ni neno la huruma, ila akiambiwa mke anayepigwa, hiyo si suluhu. Shauri lake ni la polisi na mahakama.

Sheria ya Kenya haiupingi upatanishi. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 huzitaka mahakama ziuhimize, na Kifungu cha 170 huwapa makadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nao. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo huacha uvunjaji wa ndoa ya Kiislamu ufuate sheria ya Kiislamu. Kinachobaki ni kalamu. Mapatano yafaa kuandikwa, kutiwa saini mbele ya mashahidi, na kufikishwa kwa kadhi. Pasipo hati, mume aweza kukana miaka baadaye, wazee waliosikia wakiwa wamekwisha fariki, na mwanamke atakaye kuolewa tena akajikuta si mke wala si mtalaka.