Anayeisambaza Chuki Naye Ajibu

Mkaazi wa Mkomani, Mombasa, akinunua bando jioni na kufungua Facebook, haonyeshwi kila walichoandika rafiki zake kwa kufuata saa. Programu imeshampima: video ipi aliitazama hadi mwisho, posti ipi ilimfanya ajibu kwa hasira, picha ipi aliirudia. Kwa vipimo hivyo kampuni humpangia kitakachotangulia na kitakachozama chini. Mpangilio huo ndio algorithimu, na shabaha yake kuu ni kumfanya asiondoke, ili matangazo yazidi kupita mbele ya macho yake.

Mgogoro wa kisheria uko hapo. Kwa miaka mingi kampuni za mitandao ya kijamii zimejitetea kwamba zenyewe ni wenye ukuta tu, aulizwe aliyebandika karatasi. Nchini Marekani utetezi huo umepewa nguvu na kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996. Lakini mwenye ukuta akiibandua karatasi ile, akaisoma kwa spika juu ya tuktuk kutoka Mkomani hadi Kongowea, huku akilipwa na wenye matangazo, amekwisha kuwa msambazaji. Hata huko Marekani, Agosti 2024, mahakama moja ya rufaa ilikubali hoja ya namna hiyo dhidi ya TikTok, katika kesi ya mtoto wa miaka 10 aliyekufa akiiga video aliyopendekezewa na programu yenyewe.

Kwetu suala hili liko mahakamani Nairobi. Mwaka 2021, vita vya Tigray vikiendelea Ethiopia, posti za Facebook zilimshambulia Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, ambaye alikuwa Mtigray. Zilitoa picha yake na kutaja anakoishi. Mwanawe, Abrham Meareg, aliziripoti. Tarehe 3 Novemba watu wenye silaha walimfuata mzee hadi nyumbani kwake wakampiga risasi. Jibu la kampuni kuhusu posti mojawapo lilikuja baada ya mauaji.

Desemba 2022 Abrham, pamoja na mtafiti wa haki za binadamu Fisseha Tekle na Katiba Institute, waliishtaki Meta, mmiliki wa Facebook. Kesi ililetwa Nairobi kwa sababu wachujaji wa maudhui ya eneo hili walikuwa wakifanyia kazi huko. Walalamishi wanataka algorithimu irekebishwe, waajiriwe wachujaji wa kutosha wanaojua lugha za Afrika, na iundwe hazina ya kuwafidia waathiriwa. Naona ombi la kwanza ndilo zito kuliko yote. Posti moja hufutwa leo na kesho zikaja kumi. Mtambo unaozipandisha ukibaki vilevile, kufuta hakutoshi.

Meta ilipinga, ikidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Tarehe 3 Aprili 2025 Jaji Lawrence Mugambi alikataa pingamizi hilo. Hakusema Meta ina hatia. Alisema kesi itasikilizwa hapa. Kwa familia za Kiafrika ambazo zingelazimika kufuata haki California, Marekani, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Wasiwasi wangu ni dawa inayopendwa na serikali zetu. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, wakati wa uchaguzi. Kenya, Oktoba 2025, ilirekebisha sheria ya makosa ya mtandao, ikaongeza mamlaka ya kufungia tovuti na kupanua makosa ya anayeposti. Mwezi uo huo Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu. Sheria ya namna hiyo humwandama mwandishi na kumwacha msambazaji. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2022, umeyabana majukwaa makubwa yenyewe: yapime hatari za algorithimu zao, yampe mtumiaji nafasi ya kukataa kupangiwa kwa tabia zake, na yakikaidi yatozwe hadi asilimia 6 ya mapato yao ya mwaka duniani. Bunge letu lianzie hapo.

Nawe msomaji, ukikuta posti inayochochea watu wamdhuru mtu au kabila, usiisambaze hata kwa kuilaani. Iripoti, piga picha ya skrini, hifadhi kiungo, tarehe na jibu la kampuni. Mbele ya jaji, hivyo ndivyo vielelezo.