Juu ya Kujifunza na Kusahau, Pamoja na Desturi ya Vitendawili

Kitenzi kujifunza kina jambo ambalo twalipita kila siku pasipo kuliangalia. Shina lake ni lile lile la fundi, la kufunda na la kufundisha. Funda limegeuka funza, na ji- iliyo mbele yake humrudishia mtendaji tendo lake mwenyewe. Basi ajifunzaye, kwa ulimi wa Kiswahili, ndiye aifundishaye nafsi yake. Mwalimu hatajwi. Hatusemi kwamba wazee waliolitumia neno hili kwanza walikuwa na nadharia; lakini wataalamu wa elimu ya nafsi wamefika karibu na mahali hapo kwa njia ndefu, nayo yafaa ijulikane na kila asimamaye mbele ya ubao.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Mtu aliyempima alikuwa mmoja tu, yaani yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri mpaka akazitamka pasipo kosa; kisha, muda ukiisha kupita, alijifunza zile zile tena, akahesabu kazi aliyoiokoa kwa kuwa alikwisha kuzijua. Baada ya kama saa moja aliokoa asilimia 44 tu ya kazi ile. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku 31, 21. Yaani kusahau hupiga mbio mwanzoni, kisha huenda polepole. Tena aliona ya kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Kweli, silabi tupu si somo la shule, na jambo lenye maana hushika zaidi. Hata hivyo nalo hupotea kwa mwendo kama huo lisiporudiwa.

Hapa ndipo waalimu wengi hudanganyika. Darasa likiitikia kwa sauti moja siku ya Ijumaa, mwalimu huenda zake ameridhika. Likinyamaza Jumatatu, watoto huitwa wavivu, na pengine fimbo hutafutwa. Lakini itikio la Ijumaa halikuwa ushahidi wa kujua. Lilikuwa ushahidi wa kwamba maneno yalikuwa bado masikioni.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walitangaza jaribio lililotia nguvu neno hilo. Wanafunzi wa chuo walipewa habari fupi wazisome. Kisha habari moja waliisoma mara ya pili, na nyingine hawakuisoma tena, bali walitakiwa kuandika yote waliyoyakumbuka pasipo kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, kusoma tena kulishinda, 81 kwa 75 katika mia. Walipopimwa baada ya juma moja mambo yalipinduka: yaliyosomwa tena yalikumbukwa 42 katika mia, na yaliyoandikwa kwa kukumbuka 56. Kurudia kusoma humpa mtu raha ya kudhani ajua. Kulitafuta jambo moyoni ndiko hulikaza.

Tukitazama desturi zetu, twaikuta kazi hiyo katika mchezo wa jioni. Mtegaji husema, "Kitendawili!" nao huitikia, "Tega!" Naye hatoi jibu mara moja. Kila mmoja hubahatisha, hukosa, hujaribu tena. Na wote wakishindwa, mtegaji hudai apewe mji. Akipewa mji asioutaka huukataa, na jibu hukawia vile vile. Mwaka 2009 Kornell, Hays na Bjork walionyesha ya kwamba mtu aliyebahatisha akakosa, kisha akaambiwa jibu, aliweza kulikumbuka kuliko aliyesomewa jibu tangu mwanzo. Nasi twapenda kuangalia jambo jingine: ashindwaye kitendawili hulipa mji wa maneno tu. Hapigwi wala haaibishwi, na kwa hiyo haogopi kujaribu kinachofuata.

Si kwamba kila somo ligeuzwe fumbo. Mtoto hawezi kuchimbua kisichopata kufukiwa. Jambo jipya lataka kuelezwa wazi kwanza, kwa mifano, na kwa lugha aijuayo. Na jibu likikosewa lisahihishwe papo hapo, lisije likaota mizizi.

Bali dakika 5 za mwanzo wa kipindi zaweza kutolewa, vitabu vikiwa vimefungwa, kwa maswali mawili ya jana na moja la juma lililopita. Wala zisiandikiwe alama. Tena wajibu wote, si wale watatu wanyooshao mikono daima. Wajuao kuandika waandike katika madaftari. Wadogo wasioweza bado, kila mmoja amnong'oneze jirani yake, ndipo mwalimu ataje jina la atakayesema kwa sauti.