Unyevu wa Hewa Ndani ya Nyumba: Tulitunzeje Ua la Usambara Hapa Ngaramtoni?



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi utakuta kopo la maua dirishani. Leo tuliangalie ua moja lenye asili ya nchi yetu, ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia. Ni mmea mfupi wenye majani manene ya vinyweleo laini na maua ya rangi ya urujuani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliupeleka kwao Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaupa jina hilo. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameuingiza katika jamii ya Streptocarpus, lakini wakulima wa maua bado wanatumia jina la zamani. Leo unafugwa madirishani duniani kote, na kwao ni katika misitu ya milima, hasa Usambara.

Kwa nini mmea huu hustawi Amani na kudhoofika Ngaramtoni? Misitu ya Usambara hupokea upepo wenye unyevu kutoka baharini, na mmea huu huota juu ya mawe kwenye kivuli cha miti mikubwa. Sisi tuko mbali na bahari, kwenye mteremko wa Mlima Meru, na miezi ya kiangazi hewa yetu ni kavu na vumbi ni jingi. Aliyewahi kutembelea ndugu zake Tanga anajua kuwa chumvi kule hulowana ndani ya kopo. Chumvi huanza kuvuta maji hewani unyevu unapofika karibu asilimia 75. Kwetu chumvi hubaki kavu sehemu kubwa ya mwaka.

Unyevu wa hewa ni nini?

Ni mvuke wa maji uliomo hewani. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 10 inabeba gramu 9 tu za mvuke, na yenye nyuzijoto 25 inabeba takriban gramu 23. Sasa tuchukulie asubuhi ya Julai yenye ukungu, hewa imejaa kabisa kwa nyuzijoto 10. Mchana bati likipata jua na chumba kikifika nyuzijoto 25, mvuke ni ule ule gramu 9, lakini uwezo wa hewa umepanda. Unyevu umeshuka toka asilimia 100 hadi karibu asilimia 40. Hewa hiyo hutafuta maji popote, na huyavuta kutoka kwenye majani kupitia vitundu vyake vidogo. Mizizi isipowahi kurudisha kilichopotea, kingo za majani hukauka na vichomozo vya maua hudondoka. Ua la Usambara hupenda unyevu wa asilimia 50 hadi 60 au zaidi kidogo.

Njia za kuongeza unyevu

Kwanza, chagua mahali. Weka kopo kwenye mwanga usio wa jua kali, mbali na mlango wenye upepo na mbali na jiko.

Pili, panga mimea pamoja. Kila mmea hutoa mvuke, na ikikaribiana husaidiana.

Tatu, tumia sinia na kokoto. Tandaza kokoto, mimina maji yasifike juu yake, kisha weka kopo juu ya kokoto. Tako la kopo lisiguse maji, kwani mizizi iliyozama huoza. Badilisha maji na sugua sinia angalau mara moja kwa wiki, tusije tukafuga mbu.

Nne, mche mchanga ufunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, na uifunue kidogo kila siku upate hewa.

Wengi hunyunyizia maji majani. Faida yake hupita baada ya muda mfupi, na kwa majani yenye vinyweleo maji hukaa na kuleta madoa na uozo. Ni bora kuweka kopo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kisha ulitoe lichuruzike.

Tuangalie na maji yenyewe. Maji ya maeneo mengi ya Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi, ndiyo maana meno ya watu wengi hapa yana rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuyaondoi. Maji yakipotea kama mvuke, madini na chumvi hubaki kwenye udongo, na mimea kama drasena hukauka ncha za majani kwa floraidi hata pale hewa inapokuwa na unyevu wa kutosha. Ukiona utando mweupe ukingoni mwa kopo, badilisha udongo na utumie maji ya mvua.

Unyevu ukizidi

Allah (S.W.) ameumba kila kitu kwa kipimo. Ukiona kuta zinatoka ukungu mweusi na nguo zinanuka uvundo, unyevu umezidi. Kuvu hiyo huozesha mmea, na huwadhuru wenye pumu, hasa watoto. Fungua madirisha asubuhi, na usianike nguo mbichi chumbani.

Hapa lipo jambo kubwa kuliko ua. Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Jiko hilo hukausha hewa, na baya zaidi hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Allah (S.W.) ametukataza kujitia katika maangamizi (Al-Baqara: 195). Wanafunzi, wakumbusheni wazazi kwa adabu: jiko la mkaa lisilale chumbani. Ongezeni blanketi.

Mwisho, wasomaji wapenzi, usichimbe mmea huu porini. Pandikiza jani moja kutoka kwa jirani, kwani huota mizizi kwa urahisi. Huko Usambara miti ikikatwa, kivuli huondoka, hewa hukauka na mmea hufa juu ya jiwe lake. Msitu wa Amani ulifanywa hifadhi ya asilia mwaka 1997. Na sisi tuna msitu wetu wa Meru, unaotuhifadhia unyevu na chemchemi tunazotilia udhu. Tuutunze.

Wabillahi tawfiq.