Kifurushi kikivunjika njiani, hasara ni ya nani?

Biashara ya mtandaoni imewaondoa watu wengi waliokuwa wakisimama kati ya mwenye mali na mnunuzi, lakini yuko mmoja ambaye haijamwondoa wala haitamwondoa, naye ni mchukuzi. Mchongaji wa mawe laini kule Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, ambaye miaka ya nyuma alilazimika kuwauzia walanguzi vinyago vyake kwa bei ya kutupa, leo hukipiga picha kinyago kwa simu yake, akakitangaza, akapatana bei na mtu wa Mombasa ambaye hajapata kumtia machoni, na fedha zikaingia kwa M-Pesa kabla chai ya saa nne haijapoa. Yote hayo hufanyika hewani. Kinyago chenyewe, hata hivyo, hakina budi kutiwa katika boksi, kukabidhiwa kampuni ya mabasi au ya vifurushi, kusukumwa ndani ya buti chini ya magunia ya watu wengine, kupakuliwa Nairobi usiku wa manane, kupakiwa tena, na hatimaye kushushwa katika kituo ambacho aliyekichonga hajawahi kukikanyaga.

Kikifika kizima, hakuna mwenye neno. Kikifika kimekatika shingo, hapo ndipo kizaazaa huanza. Mnunuzi hudai arejeshewe fedha zake. Muuzaji huapa kwamba alikituma kikiwa kizima na anayo picha. Wote wawili wakimgeukia mchukuzi, karani wa afisi ya mizigo huwaonyesha maandishi madogo yaliyo nyuma ya risiti: mizigo husafirishwa kwa dhima ya mwenyewe. Basi muuzaji na mnunuzi hurudi kuumana wao kwa wao, wakaandikana maneno makali hadharani, ilhali mchukuzi, aliyekwisha kulipwa nauli yake, yuko kando anapakia mizigo mingine. Vita vya panzi huwa furaha ya kunguru.

Swali la nani alipe lina majibu, ijapokuwa si yale ambayo wengi huyatarajia. Aghalabu watu hudhani kwamba sheria humtetea mnunuzi siku zote. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, ilichotwa kwa kiasi kikubwa kutoka ile ya Waingereza ya mwaka 1893, nayo ina kanuni inayoweza kumshangaza mwalimu aliyeagiza vitabu kutoka mbali: ikiwa muuzaji na mnunuzi hawakukubaliana vinginevyo, kumkabidhi mchukuzi bidhaa huhesabiwa kuwa ni kama kumkabidhi mnunuzi mwenyewe. Hasara nayo huandamana na umiliki. Kwa maneno mengine, yawezekana kinyago kilivunjikia mikononi mwa hamali wa Nairobi kikiwa tayari ni mali ya yule bwana wa Mombasa, naye hana habari.

Lakini sheria iyo hiyo haikumwachia muuzaji huru. Inamtaka afanye na mchukuzi mkataba unaofaa kwa kuzingatia aina ya bidhaa na mazingira ya safari. Akikosa kufanya hivyo, na bidhaa ikapotea au ikaharibika njiani, mnunuzi ana haki ya kukataa kuhesabu kwamba alikabidhiwa, au kumdai muuzaji fidia. Mtu anayemkabidhi utingo kinyago cha mawe kikiwa kimeviringishwa kwa gazeti, bila risiti, kwa kuwa utingo huyo ni wa kijijini kwao, ajue kwamba hana pa kujikingia. Juu ya hayo pana Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hizo, na haki ya kulipwa fidia anapopata hasara kutokana na kasoro zake. Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012 nayo inaitaja waziwazi mikataba ya intaneti, na inamtaka muuzaji amfunulie mnunuzi mambo muhimu kabla ya kupatana.

Maoni yangu ni kwamba muuzaji ndiye anayepaswa kumridhisha mnunuzi kwanza, kisha yeye amfuate mchukuzi. Sisemi hivi kwa kuwa muuzaji ana hatia. Nasema hivi kwa sababu ndiye aliyefunga boksi, mara nyingi ndiye aliyemchagua mchukuzi, na ndiye mwenye risiti mkononi. Mnunuzi alichokiona ni picha tu. Kumtuma Mombasa mtu asiye na stakabadhi yoyote akagombane na kampuni ambayo hakupatana nayo ni kumfanyia mzaha. Najua wauzaji wadogo watalalamika kwamba faida ya kinyago kimoja haitoshi kulipia kingine. Wana haki ya kulalamika, ila malalamiko hayo yaelekezwe panapostahili, nako ni kwa yule mwenye maandishi madogo nyuma ya risiti.

Maandishi hayo yana historia ndefu kuliko mabasi yetu. Katika sheria ya kale ya Uingereza, mtu aliyefanya kazi ya kuchukua mizigo ya umma alihesabiwa kama mdhamini kamili wa mizigo hiyo. Aliponea tu ikiwa hasara ilitokana na tendo la Mungu au maadui wa Mfalme. Wenye magari ya farasi waliona mzigo huo ni mzito, wakaanza kubandika matangazo afisini mwao ya kupunguza dhima. Mabishano yalizidi hata Bunge likapitisha Sheria ya Wachukuzi ya mwaka 1830. Sheria hiyo ilisema kwamba vitu vya thamani, vikiwamo vioo, vyombo vya kauri na hariri, vikizidi pauni 10, mchukuzi wa nchi kavu hatawajibika iwapo mwenyewe hakutangaza thamani yake na kulipa nauli ya ziada iliyotakiwa. Tazama, msomaji, jinsi neno lenyewe lilivyo la haki: ukitaka mali yako ilindwe kwa thamani yake, itaje thamani hiyo, uilipie.

Hapa ndipo wauzaji wetu wengi hujikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Karani akiuliza, “Ndani mna nini, na ni cha shilingi ngapi?” muuzaji hujibu kwamba ni nguo kuukuu za shilingi 500, ili nauli iwe nafuu. Kinyago cha shilingi 12,000 kikivunjika, anataka alipwe 12,000. Atalipwaje?

Hata hivyo, mchukuzi naye hawezi kujifichia nyuma ya karatasi yoyote anayoichapisha. Mwaka 1877 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mtu aliyeitwa Parker, aliyeacha mkoba wake katika chumba cha mizigo cha stesheni ya kampuni ya reli ya South Eastern. Mkoba ukapotea. Aliudai kuwa wa thamani ya pauni 24 na shilingi 10, nayo kampuni ikamwonyesha tikiti iliyosema kwamba haitawajibika kwa kitu kinachozidi pauni 10. Mahakama iliamuru kesi isikizwe upya, ikasema kwamba swali la kuulizwa ni hili: je, kampuni ilifanya jitihada ya kutosha kumjulisha mteja sharti hilo? Kesi hiyo si ngano ya Ulaya tu. Sheria ya Mahakama za Kenya, Sura ya 8, inaielekeza mahakama yetu kutumia kanuni za sheria ya Kiingereza za kabla ya Agosti 12, 1897, kadiri hali ya wananchi inavyoruhusu.

Basi na tuulize swali hilo hilo katika afisi ya mizigo ya leo. Risiti hutolewa baada ya nauli kulipwa. Maandishi ni madogo kama mayai ya chawa. Tena yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, naye aliyeleta mzigo ni mama anayeuza vyungu, asiyehitaji Kiingereza hicho katika shughuli zake zote. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Halmashauri ya Mawasiliano, ambayo ndiyo hutoa leseni kwa wachukuzi wa barua na vifurushi, ingefanya jambo la busara kuwashurutisha wenye leseni hizo kubandika masharti yao ukutani kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, mahali ambapo mteja atayaona kabla ya kutoa fedha. Wenye mabasi nao wafuate. Kazi ya kuyatafsiri si ngumu. Walimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari wanaweza kuwapa wanafunzi wao zoezi hilo na likakamilika kwa juma moja.

Kwa wale wanaotuma bidhaa ng'ambo kwa ndege, mambo yana utaratibu ulio wazi zaidi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unamtwika mchukuzi wa ndege dhima ya shehena iliyoharibika akiwa nayo, lakini unaweka kikomo kwa uzani. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo hicho ni SDR 26 kwa kila kilo moja, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha Duniani. Jiwe la Kisii, kwa uzito wake, lina bahati hapa: kinyago cha kilo 4 kina kikomo cha SDR 104. Mkufu wa gramu 300 una kikomo kisichofika hata SDR 8, ijapokuwa huenda ndio wenye thamani zaidi. Njia ya kukikwepa kikomo ni ile ile ya mwaka 1830, yaani kutangaza thamani na kulipa nyongeza. Lalamiko la uharibifu nalo sharti liandikwe katika muda wa siku 14 tangu mzigo upokewe. Ukizipitisha siku hizo, mlango umefungwa, isipokuwa kama mchukuzi alifanya hila. Vitu vilivyotumwa kwa njia ya posta havimo katika mkataba huo. Hivyo vina kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mjini Bern mwaka 1874.

Mkataba huo wa Montreal unamwondolea mchukuzi dhima ikiwa ataonyesha kwamba uharibifu ulisababishwa na ufungaji mbaya uliofanywa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo hoja ambayo kila mchukuzi huikimbilia, wa angani na wa barabarani, na mara nyingi huwa anasema kweli. Wauzaji wengi hufunga kifurushi kana kwamba kitabebwa kifuani kama mtoto mchanga. Hubandika karatasi ya kumsihi hamali akishike kwa upole, wakasahau kwamba hamali huyo anapakua mizigo mia gizani na mvua inanyesha.

Walimu wa fizikia wangetusaidia hapa. Shirika liitwalo ISTA, lililoanzishwa Marekani mwaka 1948, lina utaratibu wa kupima vifurushi ambao darasa lolote laweza kuuiga: boksi lisilofika kilo 10 huangushwa mara 10 kutoka kimo cha sentimita 76, mara moja kwa pembe, mara tatu kwa kingo, na mara sita kwa nyuso zake zote. Kimo hicho ni kama cha meza ya mwalimu. Boksi lililoanguka kutoka hapo hufika sakafuni likiwa na kasi ya takribani mita 3.9 kwa sekunde. Kitu kilichomo ndani kikisimamishwa katika nusu sentimita, kwa kuwa kimezungukwa na gazeti moja tu, hupata mshtuko wa wastani wa kama mara 150 ya uzito wake. Kikisimamishwa taratibu katika sentimita 5 za kitu laini, mshtuko huo hushuka hadi mara 15 hivi. Kinyago ni kile kile na hamali ni yule yule. Kilichobadilika ni sentimita nne na nusu.

Kitu hicho laini si lazima kitoke dukani. Ile plastiki yenye malengelenge ya hewa, iliyobuniwa New Jersey mwaka 1957 na Alfred Fielding na Marc Chavannes (ambao, ajabu ya Mungu, walikuwa wakitafuta karatasi ya kupamba kuta), ni nzuri, lakini ina gharama. Kisii kuna migomba tele. Majani yake yaliyokauka sawasawa, yakishindiliwa pande zote sita za boksi hata kinyago kisicheze linapotikiswa, hufanya kazi kubwa. Yawe makavu kabisa, kwani unyevu hulegeza kadibodi na boksi likabonyea likirundikiwa mengine. Vinyago viwili visigusane ndani ya boksi moja. Jiwe kwa jiwe huvunjana hata kama boksi lenyewe halikupata mchubuko.

Muuzaji aliyetangaza thamani ya kweli, akafunga hivyo, akapiga picha kabla na baada ya kufunga, ana kesi. Hapo zamani kesi ya shilingi 12,000 haikuwa na maana, kwa sababu wakili angekula zaidi ya hizo. Siku hizi kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mdai hujisemea mwenyewe bila wakili akipenda, na sheria inataka kesi imalizwe katika siku 60. Aende na risiti, picha, ujumbe wa M-Pesa na barua ya malalamiko aliyomwandikia mchukuzi. Amwombe na mnunuzi wa Mombasa asilitupe boksi wala vile vipande, maana huenda mwamuzi akataka kuona palipobonyea.