Breki Kwanza, Mapambo Baadaye



Sisi tunaofanya kazi katika njia ya Namoto, Kionga na Palma tunajua jinsi gari linavyoteseka huku. Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni mchanga, na hewa ya bahari inaleta chumvi mpaka chini ya chesisi. Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010, lakini liko mbali kule juu, Negomano. Huku chini, kati ya Namoto na Kilambo ya Tanzania, Ruvuma ni wa kuvuka majini, na maji yenyewe yanafuata kupwa na kujaa kwa bahari. Magari yetu mengi ni ya mitumba kutoka Japani, Hilux na Hiace, yaliyokwisha kula miaka yao kwenye lami za watu kabla ya kuja kutumaliza sisi.

Sasa tazameni fedha inakokwenda. Tajiri akipata faida ya msimu anafunga redio kubwa, rimu za kung'aa, tairi pana na honi ya kushtua mbuzi. Gari linapendeza, abiria wanalikimbilia. Dreva akisema pedi zimekwisha, anajibiwa avumilie wiki moja. Siku gari likikataa kusimama, tajiri hayumo ndani. Waliomo ni dreva, utingo na abiria, na polisi akija anamwuliza aliyeshika usukani. Kwa sababu hiyo tunasema breki ni dai la kazi, sawasawa na mshahara.

Lakini hatuwezi kudai kitu tusichokielewa. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa moto. Mwendo ukizidi mara mbili, moto unazidi mara nne. Gari lililo kwenye 80 linazipa breki kazi mara nne ya lile lililo kwenye 40, na kwa mwendo huo wa 80 linakula mita 22 kila sekunde, hata kabla mguu haujagusa pedeli. Ongezeni hapo magunia ya mahindi, madumu ya mafuta na watu waliokaa juu ya mzigo.

Kitu cha kwanza cha kubadilisha ni rahisi kuliko vyote, nacho ni mafuta ya breki. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewa, na pwani yetu ina unyevu wa kutosha. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki mpaka nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishavuta maji kipimo chake kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Yakichemka yanatoa mvuke, na pedeli inazama kama mguu kwenye matope. Yamwageni yote kila miaka miwili, mtie DOT 4 mapya, kisha fundi atoe upepo magurudumu yote manne. Ila msitie DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haichanganyiki na hayo mengine. Tofauti ya jina ni namba moja tu, na muuza duka hatakuonya.

Kisha pedi. Kwenye pedi nyingi zilizo halali utakuta herufi mbili zimepigwa pembeni au mgongoni, kama EE, FF au GG. Ya kwanza inaonyesha zinavyokamata zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa na moto mkali. E ni dhaifu kuliko F, na F ni dhaifu kuliko G. Kwa gari la mzigo chagueni FF au zaidi. Pedi isiyo na alama yoyote iacheni dukani, hata kama boksi lake lina picha nzuri. Diski nayo ina kipimo cha wembamba wa mwisho kilichopigwa juu yake. Ikifika hapo haichongwi tena, inatupwa. Zile diski za kutobolewa matundu, wanazofunga vijana wa mjini, zinapasuka kuanzia kwenye matundu yale yale zikipata moto mkali. Nunueni diski nzima ya kawaida.

Jambo linalotusumbua zaidi ni springi. Hilux nyingi na Hiace nyingi zina vali ya breki za nyuma iliyofungwa kwenye bodi, na mkono wa chuma unaoiunganisha na ekseli. Mzigo ukipakiwa bodi linashuka, mkono unaisukuma vali, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu vali inaipunguza nguvu hiyo, ili magurudumu ya nyuma yasifunge gari likazunguka. Sasa tajiri anaongeza springi za nyuma ili abebe zaidi. Gari halishuki tena hata likiwa na tani nzima, na vali inadhani ni tupu. Breki za mbele zinabeba kazi yote peke yao mpaka zinanuka. Baadhi ya mafundi wanaing'oa vali kabisa, na hapo safari ya kurudi tupu ndiyo inakuwa ya hatari. Springi zikiongezwa, mkono wa vali upimwe na urekebishwe upya siku hiyo hiyo.

Tairi kubwa zina ubaya wa namna hiyo. Gurudumu likiwa refu, breki ile ile inakuwa na nguvu ndogo ya kulishika, na saa ya mwendo inadanganya: inaonyesha 80, kumbe unakwenda zaidi. Bora tairi za kipimo kilichowekwa na kiwanda, lakini zile za magari ya mizigo, zenye kuandikwa C au LT.

Kuhusu injini hatuna maneno mengi. Chujio safi la hewa na rejeta nzima vinatosha. Kung'oa themostati hakuongezi nguvu yoyote.

Yako na mambo yasiyotaka fedha. Ukitoka majini, endesha polepole huku ukigusa breki kidogo kidogo mpaka dramu zikauke, maana viatu vilivyolowa havikamati. Mchanga ukiingia kwenye dramu ufunguliwe na usafishwe, la sivyo unachimba mistari. Kwenye mteremko wa Newala au wa Mueda shika gia ndogo, na usizime injini eti kuokoa mafuta. Busta ya breki inategemea injini. Ukizima unabakiwa na mikanyago michache tu, kisha pedeli inakuwa ngumu kama jiwe.

Na mafundi, ndugu zetu, vumbi la breki msilipulize kwa kompresa. Viatu na pedi za zamani vilikuwa na asbesto, na spea za magendo huenda bado zinayo. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi, fundi akiwa amekwisha kusahau gari lenyewe. Lowesheni kwa maji, pangusa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

Tunachotaka katika mikataba ni hiki. Kila gari liwe na daftari ambamo dreva anaandika ubovu wa breki kwa tarehe, na mwenye gari anatia sahihi kwamba ameusoma. Pia lisitozwe faini wala kufukuzwa kazi jina la dreva aliyekataa kuliondoa gari lisilo na breki. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyejitoa katika kazi kwa sababu ya kuona hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake alindwe asiadhibiwe. Maneno hayo yanaweza kuandikwa katika mkataba wa kampuni yoyote, hata ya mtu mwenye Hiace mbili. Daftari la kurasa mia linatosha mwaka mzima, na bei yake haifiki ya rimu moja.